Habari za akili mnemba kwenye ukurasa wa mji wetu: tuweke alama au tunyamaze?

Chumbageni_Juu: Wakuu, swali kwa wanaojua uandishi. Ukurasa wa habari za Tanga mjini, waandishi wawili tu. Akili mnemba inatuandikia matokeo ya timu ya Coastal Union, bei za samaki soko la Deep Sea na tahadhari za hali ya hewa. Tukiweka chini "imeandikwa na akili mnemba", maoni yanajaa kejeli. Tusipoweka, watu wanasoma kimya. Tuiondoe?

Kasa wa Raskazone: Msiiondoe, ibadilisheni. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliuliza watu wa nchi 6 mwaka 2025, zikiwemo Uingereza na Japani. Walioridhia habari ya mashine tupu ni 12%, ya mtu mtupu 62%. Mtu akiandika na mashine ikamsaidia, 43%. Alama yenu inawatupa kwenye 12 bila sababu. Andikeni nani kafanya nini: "Matokeo yamechukuliwa uwanja wa Mkwakwani na mwandishi wetu. Sentensi zimepangwa na akili mnemba. Amehakiki fulani, saa 3:10 usiku." Kisha namba ya simu ya kuripoti kosa.

Barabara ya 12: Mkuu, usiwapambe. Mashine ikiandika na mtu akapitia tu, utafiti huohuo unasema 21%, si 43. Na huko kupitia ndiko kwenye mtego, maana Kiswahili cha mashine kinateleza vizuri hata kikikosea. Kubwa ni saa: ukiipa "8 pm" inaweza kukuandikia "saa 8 usiku", mechi ikawa imehamia usiku wa manane. Ipeni "saa 2:00 usiku" tayari.

Pili, ukiipa matokeo 2–1 bila wafungaji, inaweza kuwabuni. Iambieni: usiongeze jina, dakika wala kauli isiyomo kwenye madondoo. Halafu mmoja asome habari kwa sauti, mwenzake aweke tiki kwenye madondoo kila likitajwa jina au tarakimu. Kisicho na tiki kinafutwa, hata kiwe kitamu vipi.

Tahadhari ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, isifupishwe kabisa. "Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa kwa baadhi ya maeneo" ikikatwa "baadhi ya maeneo", mmeshamzuia mtu wa ngalawa ambaye hakuhusika. Bandikeni kama ilivyo, pamoja na tarehe za kuanza na kuisha.

Kasa wa Raskazone: 21 nakubali. Lakini kuficha ni kubaya zaidi. Tovuti ya CNET ya Marekani ilitoa makala 77 za fedha kwa mashine, na kwamba ni mashine msomaji alijua mpaka abonyeze jina la mwandishi. Mambo yalipofichuka Januari 2023 wakarudia kuhakiki: 41 zilihitaji masahihisho. Moja ilisema dola 10,000 kwa riba ya 3% zinakuletea dola 10,300 kwa mwaka. Faida ni 300! Hesabu ya mtoto wa darasa la sita.

Chumbageni_Juu: Nimewaelewa. Na bei za Deep Sea? Asubuhi moja zinabadilika mara tatu.

Barabara ya 12: Hizo msiipe mashine. Inachanganya ndoo, fungu na kilo. Ni mistari mitano tu, kila mmoja na aina ya samaki, kipimo, bei, saa iliyochukuliwa. Andikeni kwa mkono.