Jarida la muziki la kurasa 16 (kazi ya chuo): Canva, Scribus au Affinity?

Nyuzi_Saba (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Tuko watatu, kazi ya mwisho ya somo la majarida: jarida la muziki, singeli ya Dar na taarab ya Unguja ndani ya toleo moja. Kurasa 16, A4, rangi. Kinachosahihishwa hasa ni jalada, ukurasa wa yaliyomo na habari kuu ya kurasa mbili zinazotazamana, ila lote lazima lichapwe nakala 10, pamoja na PDF ya kusambaza. Laptop bora tuliyonayo ina RAM ya GB 4. Hela ya leseni hakuna. InDesign (programu ya kulipia ya kupanga kurasa) ipo maabara ya chuo, inafungwa saa kumi jioni. Nipeni tofauti za programu hizo tatu kwa kazi ya namna hii, siyo kwa poster ya harusi.

RangiMbili
Canva, usijitese. Fungua ukurasa wa milimita 210 kwa 297, washa mistari ya eneo la kukatwa, weka miongozo ya safu tatu, mnaanza kazi leo. Wote watatu mnaingia faili moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye laptop au hata simu yake. Ukimaliza pakua PDF ya kuchapa na alama za kukatia. Kwa kurasa tatu zinazosahihishwa, Canva inatosha na kubaki.

Safu_na_Pambizo
Kwa kurasa tatu sawa. Kwa 16 hapana, na sababu ni moja: Canva haipitishi maandishi kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Makala ya maneno 700 kwenye safu sita ina maana unakata na kubandika vipande sita kwa mkono. Mhariri akifuta sentensi moja safu ya kwanza, unasogeza mistari ya safu tano zinazofuata. Ukifanya hivyo mara nne usiku wa kuamkia kukabidhi, utajua kwa nini programu za kupanga kurasa zilibuniwa.

Scribus ni bure na inaingia Windows, Linux na Mac. Unaunganisha visanduku, maandishi yanatiririka yenyewe. Yakizidi, kisanduku cha mwisho kinaonyesha alama ya X kona ya chini kulia. Unatengeneza mitindo ya aya mara moja (mwili, kichwa, utangulizi, maelezo ya picha), ukibadilisha fonti ya mwili inabadilika kurasa zote 16. Namba za kurasa na jina la jarida unaweka kwenye kurasa mama (kiolezo kinachojirudia kila ukurasa). Kwa RAM ya GB 4 punguza ubora wa picha zinavyoonekana kwenye skrini, haugusi kinachochapwa.

Affinity nayo ni nzuri na tangu Oktoba 2025 ni bure, ila unahitaji akaunti ya Canva (ndio wenye nayo sasa), haina toleo la Linux, na kwa mashine yako itakuwa nzito. Mwenye RAM ya GB 16 ningemwambia aende huko bila kufikiri.

Tonge_la_Wino
Mleta uzi, achana kwanza na programu. Nenda stesheneri au kwa mchapaji, muulize swali moja: mashine yako inaingiza SRA3 au A3 tu?

Kurasa mbili za A4 zikikaa pamoja ni milimita 420 kwa 297, yaani A3 kamili. Hakuna nafasi ya ziada ya milimita 3 inayokatwa kila upande, na mashine haichapi hadi ukingoni. Matokeo yake picha ya jalada inatoka na mpaka mweupe ambao hukuupanga, halafu mtu wa kaunta "anakusaidia" kwa kuipunguza iwe asilimia 95, na pambizo zako zote zinakwenda na maji. SRA3 ni 320 kwa 450, hapo A4 inakaa na ziada yake.

Kama ana A3 tu, punguza jarida tangu mwanzo liwe 200 kwa 280. Kurasa mbili na ziada ni 406 kwa 286, zinabaki milimita 7 kila upande kwa urefu na 5.5 kwa kimo. Linachapwa hadi ukingoni, linakatwa safi, na hakuna msomaji atakayegundua kuwa siyo A4.

Jingine: jarida la pini mgongoni ni karatasi zilizokunjwa. Ukurasa wa 1 unachapwa sambamba na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Kila jozi ikijumlishwa ni 17. Kurasa mbili zinazotazamana zilizo kwenye karatasi moja ni za 8 na 9 peke yake. Habari kuu yenye picha inayovuka katikati iende hapo. Ukiiweka 6 na 7, nusu ya uso wa msanii inachapwa karatasi moja na nusu nyingine karatasi nyingine, na zikipishana milimita moja pua inavunjika.

Usipange jozi hizo wewe. Mpe mchapaji PDF ya ukurasa mmoja mmoja kwa mfululizo, mashine yake inapanga kitabu. Anayeleta faili ambalo tayari limepangwa jozi anapangiwa mara ya pili, na jalada linajikuta katikati.

RangiMbili
Nakubali la maandishi kutiririka. Lakini msimtishe mtoto wa watu na rangi, nakala 10 zinatoka mashine ya dijitali, inabadilisha RGB (rangi za skrini) yenyewe.

Tonge_la_Wino
Inabadilisha, kaka, ila inabadilisha inavyotaka yenyewe. Majalada ya singeli yanapenda kijani cha kung'aa na pinki ya taa za usiku. Kile kijani cha skrini hakipo kwenye wino nne. Kinatoka kama jani la mgomba lililokaa jua siku mbili. Canva ya bure haikupi CMYK (rangi za wino nne), hiyo iko kwenye ya kulipia. Scribus inakupa, na nyeusi yake ya kawaida ni wino mweusi mtupu, ambayo ndiyo unayoitaka kwa maandishi madogo. Nyeusi ya RGB inaweza kuvunjwa kuwa mchanganyiko wa wino nne, na wino zikipishana kidogo tu, herufi ya pointi 9 inaota kivuli.

Anayetaka pinki kali atumie majenta asilimia 100 bila kuchanganya. Hiyo angalau haipauki.

Nyuzi_Saba
Asanteni. Nimeuliza, ana A3 tu. Kwa hiyo 200 kwa 280. Safu nizipange vipi, na Kiswahili chetu kirefu hiki?

Safu_na_Pambizo
Hapo ndipo penye kazi, na ndipo vijana wengi wanaponakili vipimo vya majarida ya Kiingereza wanapokwama.

Pambizo ya ndani 18, ya nje 15, juu 18, chini 20. Upana unaobaki ni 167. Safu tatu zenye mwanya wa milimita 5 zinakuwa na 52.3 kila moja. Mwili pointi 9.5 juu ya mstari wa 12. Kimo cha 242 kinabeba mistari 57 kamili. Washa gridi ya mistari ya pointi 12 ili safu zote tatu zilale mstari mmoja.

Safu hiyo inabeba takriban herufi 35, yaani maneno matano ya Kiswahili. Weka neno kama "waliyomtungia" na "wanamuziki" mstari mmoja, limebaki shimo. Kwa hiyo usinyooshe maandishi pande zote mbili. Nyoosha kushoto tu, kulia kuwe huru. Ukinyoosha kote unapata mito ya weupe inayoteremka katikati ya safu.

Halafu angalia lugha ya aya. Ikibaki Kiingereza na ukatishaji wa maneno umewashwa, programu inakata kwa kanuni za Kiingereza: "mwan-amuziki", "vig-odoro". Zima kabisa, kata kwa mkono panapobidi, mwisho wa silabi: mwa-na-mu-zi-ki. Usitenganishe ny, sh, ch, wala ng'.

Kwa hesabu hiyo ukurasa uliojaa maandishi matupu ni kama maneno 850. Habari kuu ya kurasa mbili, nusu picha, ukiondoa kichwa na nukuu kubwa, andikeni maneno 700. Mkileta 1,200 mtaanza kupunguza fonti, na hapo mmeshapotea.

Kidumbak
Naongeza la taarab. Mkitaka kuweka ubeti, mshororo wa mizani 16 hauingii kwenye safu ya milimita 52. Utajikunja popote na kina cha kati kitapotea katikati ya mstari. Ama uvunje mshororo kwenye kina cha kati, nane juu nane chini na ya chini ikiingia ndani kidogo, ama upanue kisanduku kikae safu mbili. Nyinyi mnaandika kwa watu wanaojua shairi, wataliona hilo kabla ya picha.

Na kwa nini singeli na taarab jarida moja? Jalada lijibu. Kama hamna jibu, ukurasa wa yaliyomo utaonekana majarida mawili yaliyogongana. Njia rahisi ni ukanda wa miaka chini ya kurasa za 4 na 5: 1905 kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, 1928 Siti binti Saad kurekodi Bombay, kisha vigodoro (sherehe za usiku za mtaani) vya Manzese na Tandale hadi santuri ya singeli ya studio ya Sisso ya 2017. Msomaji anaona ni watu walewale wa pwani na sherehe zao, spika ndizo zimebadilika.

FremuMoja
Picha. Jalada lenu na ziada ni 206 kwa 286, kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli 2433 kwa 3378. Simu ya megapikseli 12 inatoa 3000 kwa 4000, inatosha. Hata picha ya kujaza kurasa za 8 na 9, ukishika simu kwa ulalo, inafika nukta 250. Inapita.

Kinachoharibu ni WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha kwa ubora wa kawaida inashushwa hadi pikseli kama 1600 upande mrefu. Kwenye jalada lako hiyo ni nukta 142, na kope za msanii zinakuwa uji. Itume kama hati, au kwa waya.

Unapopiga ya jalada, acha robo ya juu tupu kwa jina la jarida na upande mmoja kwa vichwa vidogo. Kigodoro usiku chenye taa za rangi kinafaa kurasa za ndani. Jalada piga mchana, kivulini, ukuta wa rangi moja. Na za Instagram ya msanii msiguse bila ruhusa ya aliyepiga.

RangiMbili
Fonti: za bure zenye leseni huru ziko nyingi, Anton au Oswald kwa vichwa. Ila kabla hujaipenda andika NG'ANG'ANIA kwa herufi kubwa uone. Fonti nyingi za mapambo hazina ile alama au inakaa kama kipande cha kucha.

Nyuzi_Saba
Nimeelewa. Scribus kwa kurasa zote, Canva tunachorea michoro ya jalada tu kuona wazo. Faili tutagawanaje watatu?

Safu_na_Pambizo
Faili la Scribus halibebi picha, linakumbuka tu zilipo. Ukituma lenyewe, mwenzako anafungua visanduku vitupu. Tumia amri ya kukusanya, inaweka picha na fonti folda moja, mtume folda nzima. Na wote muwe na toleo moja, la 1.6 halifunguki kwenye 1.4. Mmoja apange kurasa, wawili walete maandishi matupu na picha.

Nyuzi_Saba
La mwisho: kurasa 16 ni pamoja na jalada?

Tonge_la_Wino
Pamoja nalo. Jalada ni 1, 2, 15 na 16, karatasi ya nje. Mwambie akuwekee gramu 200 hapo, ndani 130. Na uchape nakala moja kwanza, uikunje, uikate, ndipo hizo tisa.