Tupeane uzoefu: Mnaotumia yoga kutuliza hofu ya ukame, mafuriko na tabianchi, hasa wa Dodoma na kanda ya kati

Mwalimu wa Nkuhungu

Habari za usiku ndugu zangu. Nafundisha jiografia sekondari hapa Dodoma. Kila mwaka nikifika mada ya mabadiliko ya tabianchi natoka darasani mikono ikitetemeka. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tatu, kwao Bahi, aliniuliza, "Mwalimu, sisi tukimaliza shule tutalima wapi?" Nilikosa jibu. Usiku ule nilikodolea macho dari mpaka adhana ya alfajiri.

Wenzetu wa mikoa mingine vuli ikiwakosesha wanaingojea masika. Sisi msimu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ikinyesha wiki mbili kisha ikakata Januari mtama ukiwa magotini, mwaka umekwenda. Bibi yangu wa Mvumi hahesabu miaka kwa tarehe, anahesabu kwa njaa. Hata Mtunya, ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920, aliipokea kwa mama yake, lakini anaisimulia kama aliyekuwepo. Naamini hofu hii nimeirithi, na habari za joto la dunia zimeichochea tu.

Yoga nilijifunza kwa video za kwenye simu. Mikao mingi siiwezi, na wala siihitaji. Kila usiku natandika mkeka, nalala chali karibu na ukuta, nainua miguu naiegemeza ukutani. Navuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Dakika kumi. Ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta, mapigo ya moyo yanapungua, kwa sababu kuna neva ndefu inaitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo inapita kifuani hadi tumboni, na hiyo ndiyo inayouambia moyo upoe. Mvua haijaongezeka hata tone. Ila nalala, na asubuhi naweza kumtazama yule binti usoni.

Wenzangu mnafanyaje? Imewasaidia wapi, na wapi imewashinda?

Dada wa Chang'ombe

Mwalimu, kumbe siko peke yangu. Mimi inanianza nikiona ndoo zimepangwa foleni siku za mgao. Watu wanahamia Dodoma kila siku, na maji tunategemea visima vilevile vya Mzakwe. Nafikiria wanangu watakunywa nini, kifua kinabana. Kesho najaribu hiyo nne kwa sita.

Mama P, Singida

Naomba niseme kwa wale ambao yoga inaweza kuwaumiza kwanza.

Kwetu ni Katesh. Ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, nilipoteza ndugu. Mimi nilikuwa Singida. Tangu hapo mvua ikianza usiku nakaa kitandani nimevaa viatu. Si lugha ya picha, viatu kabisa, na kitambulisho mfukoni.

Rafiki alinipeleka kwenye mazoezi ya yoga. Yote yalikwenda vizuri mpaka tulipoambiwa tulale chali, tufumbe macho, tutulie kama maiti. Ndivyo mkao huo unavyoitwa, wa maiti. Nilipofumba macho nikasikia mngurumo. Nilitoka mbio nikalia nje mpaka wakamaliza, na nikaapa sirudi.

Nilirudi baada ya miezi, baada ya kwenda kwanza kuonana na mshauri wa afya ya akili. Huku kwetu ukitaja hospitali ya akili watu wanasema "atapelekwa Mirembe", kana kwamba umekwisha. Ndugu zangu, nendeni. Kuumwa rohoni ni kuumwa. Mshauri ndiye aliyeniambia nisilale chali wala nisifumbe macho. Sasa nakaa, mgongo ukutani, macho nimeyaelekeza mlangoni, nyayo zimekanyaga sakafu ya saruji kwa nguvu. Navuta pumzi nikihesabu ninavyoviona: mlango, ndoo, jiko, kanga. Mvua ikinyesha bado naamka, siwadanganyi. Lakini viatu nimeviweka chini ya kitanda.

Mkulima wa Kolo, Kondoa

Pole sana Mama P. Mungu awarehemu waliotangulia.

Mimi ni Muislamu, na nilisita sana, maana yoga imetoka India pamoja na dini zao. Nilimuuliza ustadhi wetu. Akaniuliza nini hasa nafanya, nikamwonyesha. Akasema nyimbo na maneno ya ibada za wengine niyaache, viungo na pumzi ni vyangu. Nikabaki na hivyo. Wenye dhamiri nyingine siwalaumu.

Neno lenyewe lilinivutia. Yoga ni Kisanskriti, mzizi wake ni kuunganisha, kufunga nira. Mimi nalima kwa plau ya ng'ombe, nira naijua. Ng'ombe wawili wasiopatana ukiwafunga pamoja, siku ya kwanza mmoja anavuta kulia mwingine anagoma. Ndivyo ilivyo akili yangu na mwili wangu msimu ukichelewa. Akili imeshafika kwenye njaa ya Agosti, mwili bado uko shambani Desemba. Dakika chache za pumzi kabla ya kutoka na plau zinawarudisha kwenye mstari mmoja.

La pili. Baba yangu aliona mifugo ikiondolewa hapa 1979, wakati wa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Watu waliumia, ng'ombe ndiyo ilikuwa benki yao, na sitaki kulipamba hilo. Lakini milima ambayo yeye aliiona ikiwa udongo mwekundu mtupu, mimi nimeiona na miti. Nikikaa kupumua asubuhi naitazama hiyo milima.

Mama wa Chamwino

Wanangu, nimesoma yote kwa heshima. Ila mimi niseme ukweli wangu. Hofu yangu haiko kifuani, iko kwenye kihenge. Kihenge kikiwa kitupu, pumzi nivute ya nini?

Kilichonituliza mimi ni kisiki hai. Tulifundishwa kijijini: usipande mche ambao utaunyweshea maji usiyo nayo, tafuta kisiki cha mkungugu ambacho mizizi iko hai. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine kata, funga kitambaa ili wachungaji wajue huo mti una mwenyewe. Shambani kwangu sasa kuna vivuli. Siku nikishika panga kupogoa, siogopi.

Mwalimu wa Nkuhungu

Shikamoo mama. Umenifundisha. Mimi nimekuwa nikituliza moyo halafu naenda kulala, na hapo nimeishia. Ningeomba, kwa idhini yako, nilete wanafunzi wangu Jumamosi moja uwaonyeshe kisiki. Huyo binti wa Bahi lazima awemo.

Mama wa Chamwino

Marahaba mwanangu. Waje, ila waje asubuhi kabla ya jua kali, na kila mtu na kofia yake.

Sasa na mimi nikuulize. Nikichuchumaa kupogoa magoti yanawaka usiku mzima. Huo mkao wako wa ukutani unafaa kwa mtu wa umri wangu? Nyumba yangu ni ya tope.

Mwalimu wa Nkuhungu

Unafaa mama, ukuta wa tope unatosha kabisa. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kiuno, miguu usiinyooshe kwa nguvu, iache ijikunje kidogo. Kama una presha ya kupanda, muulize daktari kwanza. Ukimaliza geuka ubavu, usiinuke ghafla.

Mama wa Chamwino

Presha sina, walinipima mwezi uliopita. Nimefanya jana. Mjukuu wangu naye akaja akainua miguu pembeni yangu, tukahesabu pamoja. Alilala kabla hatujafika mwisho, nikabaki nahesabu peke yangu nikisikiliza upepo kwenye mikungugu.