Mama aliyeanzisha asasi yetu anapumzika, mimi ndiye napewa. Nianzie wapi?

Mnyonge wa Zakhem
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, wenye kejeli wapite kimya kimya.

Nipo kwenye asasi ya kijamii huku Mbagala. Ilianzia barazani kwa Mama (wote tunamwita hivyo, hata mfadhili), akiwafundisha kushona wasichana walioacha shule. Mwaka 2021 serikali iliporuhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shuleni, tukaanza kuwarudisha: kuongea na walimu wakuu, kutafuta sare, kutuliza wazazi. Hapo ndipo tulipopanuka. Leo tuna ofisi ya kupanga, vyerehani vya umeme, watu wa mshahara na mfadhili wa nje.

Mama umri umeenda, amechoka, anapumzika. Bodi inaona mimi, mratibu wa miradi, nishike ukurugenzi. Usingizi sipati. Mkurugenzi mpya aanzie wapi: hesabu, wafanyakazi au mfadhili?

Mchuuzi wa Feri
Aanzie kwenye mshahara wake. Hongera mkuu. Nafasi ya dereva ipo?

Dada wa Hesabu
Anzia kwenye makaratasi ya Msajili wa NGO. Ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa zimekwenda? Mikataba ya fedha inayozidi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka imfikie Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Cheti chenu cha lini? Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10, watu wanakuja kushtukia mfadhili akiomba nakala.

Halafu makabidhiano ya maandishi. Mali, madeni, mikataba, akaunti, nywila za barua pepe. Mama asaini, wewe usaini, bodi ishuhudie. Ukipokea kwa mdomo, kila deni litakalofufuka ni lako.

Kobe Mzee
Dada kamaliza, mimi naongezea la kwetu. Kamati ya kisima mtaani, mwenyekiti kashindwa kura mchana kweupe, kapeana mikono na kila mtu, soda kanywa, kisha kaondoka na muhuri. Barua ya kisima bila muhuri nani anaipokea? Kila tukitaka kitu tunamfuata nyumbani, anagonga huku akilalamika mgongo. Mshindi aliitwa mwenyekiti, ila aliyetawala ni yule mwenye mgongo. Mpaka alipohamia kwa mwanawe Kibaha ndipo tukapumua. Muhuri wenu unakaa wapi?

Mnyonge wa Zakhem
Dada wa Hesabu ubarikiwe, nimenakili yote. Kobe Mzee, muhuri Mama anatembea nao kwenye pochi. Kitabu cha hundi kipo kwake pia, kwenye kabati la vyombo. Si mwizi hata kidogo, ila ndiyo mnaona kwa nini mabadiliko ni ya lazima.

Shemeji wa Taifa
Mpeni uenyekiti wa bodi. Mwalimu aling'atuka urais 1985, uenyekiti wa chama akabaki nao hadi 1990, na nchi ilienda. Mtu aliyejenga kitu humtoi kama unang'oa jino.

Bi Mkubwa wa Tandika
Mwanangu, Mama mwenyewe anasemaje?

Mnyonge wa Zakhem
Mama ni mtu wa busara sana, ataelewa. Shemeji, wazo la uenyekiti ni zuri, ingawa mfadhili angependa sura mpya kote.

Fundi Saa
"Ataelewa." Kwa hiyo sasa hivi haelewi.

Bi Mkubwa wa Tandika
Nimeuliza swali moja tu, baba. Anajua au hajui?

Mnyonge wa Zakhem
Haya, mmenibana. Bado hajaambiwa. Yuko Korogwe kwenye arobaini ya dada yake, kikao cha bodi ni Jumamosi, yeye anarudi wiki inayofuata.

Kabla hamjanirukia: mfadhili kasema awamu ijayo ya fedha haitoki mpaka aone uongozi unaoandika ripoti kwa wakati. Mama barua pepe tunamchapishia anasoma kwenye karatasi, anajibu kwa kalamu, sisi tunachapa. Wajumbe watatu kati ya watano wamekubali. Fedha zikikatika wale wasichana waende wapi? Mimi cheo sikitafuti.

Shemeji wa Taifa
Nafuta mfano wangu. Mwalimu aliamua mwenyewe, hakupinduliwa akiwa matangani.

Mtoto wa Mchungaji
Vijana wa siku hizi! Mama kakulea kazini, kakufundisha, unamvizia akilia dada yake. Ungekuwa mwanangu...

Mnyonge wa Zakhem
Mchungaji, mimi nimekaa pale miaka ambayo mshahara ulikuwa nauli. Nampenda kuliko mnavyodhani. Kumwambia uso kwa uso kungemuua kwa presha.

Dada wa Hesabu
Mapenzi tuyaweke kando. Katiba yenu inataka taarifa ya kikao siku ngapi kabla, na Mama kapelekewa? Yeye ni mjumbe? Na kuna kitu umeshasaini?

Mnyonge wa Zakhem
Ni mjumbe, ila watatu ni akidi. Taarifa imewekwa kwenye kundi la WhatsApp la bodi, yeye hayumo kwa kuwa simu yake ni ya vitufe. Kilichosainiwa ni fomu ya benki tu ya kubadilisha watia saini, ilipelekwa juzi.

Dada wa Hesabu
Benki itataka muhtasari wa kikao. Kikao ni Jumamosi. Muhtasari mliupata wapi?

Mnyonge wa Zakhem
Uliandaliwa mapema kuokoa muda.

Kobe Mzee
Na muhuri? Si umesema uko kwenye pochi, na pochi iko Korogwe?

Mnyonge wa Zakhem
Tulichonga mwingine Kariakoo. Ni uleule, hakuna tofauti.

Fundi Saa
😂😂😂 Nimemwaga uji.

Dada wa Hesabu
Hiyo ni kughushi, ndugu yangu. Jinai. Si mambo ya Msajili tena.

Mkaguzi wa Kitaa
Jamani amkeni. Kule juu Mama amechoka anapumzika. Katikati Mama hajui kama amechoka. Sasa kuna muhuri wa Kariakoo. Hii chai, na tangawizi imezidi. Huyu ni mwanafunzi wa maendeleo ya jamii, kapewa swali la darasani, nyie mnamfanyia bure. Angalieni alivyouliza: "hesabu, wafanyakazi au mfadhili?" Huo ni mtihani wa kuchagua.

Mchuuzi wa Feri
Dah, na mimi nishaandika wasifu.

Mtoto wa Mchungaji
Nilihisi tangu mwanzo.

Fundi Saa
Mchungaji ulihisi ukamhubiria hivyohivyo?

Bi Mkubwa wa Tandika
Mkaguzi, mtoto wa chuo hawezi kubuni kabati la vyombo. Mimi hati ya kiwanja iko chini ya sahani za Idi, na wanangu hawajui. Huyu Mama yupo.

Kobe Mzee
Marehemu mama alificha cheti cha ndoa kwenye pipa la mchele. Tulikuja kukiona kwenye pilau la hitima yake.

Mkaguzi wa Kitaa
Kama si chai atuambie mfadhili wa nchi gani.

Mnyonge wa Zakhem
Sitaji, nitajulikana. Amini usiamini. Nimempigia mwalimu mstaafu tuliye naye kwenye bodi, kasema hakujua kama muhtasari umeshatoka, kagoma, kwa hiyo akidi hakuna na kikao kimekufa. Fomu ndiyo inanitoa jasho. Dada wa Hesabu naomba tuongee pembeni.

Dada wa Hesabu
Pembeni siji, tumalizie hapahapa. Kesho milango ikifunguliwa uwe tawini na wenzako waliosaini. Mwandike barua ya kuiondoa fomu kabla haijafanyiwa kazi, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa (wa benki, si wa kwenu). Kisha tafuta wakili kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote. Mfadhili mwambieni ukweli mwepesi: mabadiliko yanakuja, mwanzilishi yuko msibani, mnaomba muda. Wengi wanakubali. Na yule Mama mumpe msaidizi wa barua pepe, lilikuwa jambo la kijana mmoja na kompyuta moja.

Mnyonge wa Zakhem
Sawa dada. Na Korogwe niende? Nitaanzaje kumwambia, nimkute na wageni wa arobaini?

Bi Mkubwa wa Tandika
Utaanza na pole kama watu wote.

Mnyonge wa Zakhem
Pole nilishampa, kwa simu.

Bi Mkubwa wa Tandika
Kwa simu?