Grafiki kadi ipi, RX 580 ya 8GB au GTX 1660 Super ya 6GB, kwa kuediti video za harusi? Niko Mbeya

Kijana wa Mafiati
Wakuu habari za jioni, naingia moja kwa moja kwenye mada.

Naediti video za harusi na sendofu hapa Mbeya kwa Premiere Pro, na kazi ikiisha usiku napiga gemu kidogo. Kamera ni Sony a6400, narekodi 4K. Mashine haina grafiki kadi, inategemea ile ya Intel iliyomo kwenye prosesa. Nikiweka rangi tu, taimlaini inakwama. Harusi ndefu naiacha ijitoe usiku kucha huku naomba umeme usikatike.

Kuna jamaa ana mzigo wa used Dar, kanipa machaguo mawili: RX 580 ya 8GB kwa laki mbili na nusu, au GTX 1660 Super ya 6GB kwa laki tatu na sabini. Anasema hazipishani. Mimi naona 8GB ni nyingi kuliko 6GB na bei iko chini, sasa kwa nini niongeze hela? Wale wa "jichange ununue RTX" (kadi mpya zaidi za Nvidia) naomba mpite kimya kimya.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene mkuu. Zinapishana tena sana. 1660 Super ilitoka Oktoba 2019, memori yake ni GDDR6 na inapitisha 336GB kwa sekunde. RX 580 ni ya Aprili 2017, GDDR5, 256GB kwa sekunde. Kwenye gemu za 1080p 1660 Super iko mbele kwa kama robo hivi, na inakula wati 125 wakati mwenzake anakula 185.

Hizo GB nane ni ukubwa wa ghala, si mwendo wa gari. Utazihitaji ukirundika efekti nzito au ukianza kusafisha chenga za video za usiku. Kwa rangi na maandishi ya kawaida, sita zinatosha.

Kwa kazi yako, cha kuangalia zaidi ni kile kipande cha chipu kinachofungua na kutengeneza H.264 na H.265, ile mifumo ya kubana video. Cha 1660 Super ni cha kizazi cha Turing, sawa na cha RTX 2060. RX 580 nayo inacho, ila H.264 yake ukiibana faili liwe dogo inaharibika mapema. Mtumie bibi harusi kipande cha WhatsApp, kwenye shela na moshi wa ukumbini utaona vijumba vijumba.

Team Nyekundu
Mnaionea RX 580. Ninayo, gemu zangu zote zinaenda bila shida. Laki na ishirini ya tofauti anunue SSD, ataona faida kuliko hizo namba za kwenye makaratasi.

Mnyalu wa Kihesa
SSD sawa, sina ubishi. Ila AMD, wenye hiyo RX 580, walishapunguza masasisho ya draiva za kizazi cha Polaris tangu 2023, na RX 580 ndiyo hiyo hiyo Polaris. Mtu anayeishi kwa Premiere hilo linamhusu.

Dada wa Makambako
Kabla hujatuma hela, mwambie jamaa akupigie picha ya GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi, kadi ikiwa imechomekwa. Kuna RX 580 inaitwa 2048SP, AMD waliitoa 2018 kwa soko la China. Jina ni RX 580, ndani ni kama RX 570. Sehemu ya shaders (idadi ya viini vya kadi) ikisoma 2048 badala ya 2304, hiyo bei haiendani na mzigo.

Halafu uliza zilikotoka. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa grafiki kadi, kadi za aina hizi zilimwagwa sokoni kwa wingi. Iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zinakuwa zimechoka na pesti ya kupozea chipu imekauka. Iwashwe na mzigo mzito robo saa mbele ya mtu unayemwamini. Ikileta vidoa vya rangi au michirizi kwenye skrini, mwachie kadi yake.

Fundi Uyole
Mnabishana vizuri lakini hakuna aliyemuuliza mashine. Kijana, ni kompyuta gani hiyo?

Kijana wa Mafiati
Dell OptiPlex 7050, ile tower, i7-7700, RAM 16GB.

Fundi Uyole
Nilijua tu. Fungua ubavu wa kesi usome lebo ya pawa saplai. Nyingi za hizo ni 240W na hazina kebo ya grafiki kadi hata moja. Kadi zako zote mbili zinataka kebo ya pini 8. Tundu la kwenye mazabodi linatoa wati 75 mwisho.

Utaambiwa kuna adapta inayotoa umeme kwenye plagi ya SATA. Achana nayo. Plagi ya SATA imepimwa wati 54 kwenye laini ya volti 12. Nimeshaletewa moja mezani imeyeyuka, plastiki imegandana na kebo mpaka nikaikata kwa kisu. Kubadilisha pawa saplai nako kuna kazi: tundu la mazabodi ya Dell hiyo si la pini 24 za kawaida, unahitaji adapta, na upime kama itakaa kwenye kesi.

Chukua RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70 na nyingi hazina hata tundu la kebo, inakunywa kwenye mazabodi tu. Iko nyuma ya 1660 Super kidogo, iko mbele ya hiyo Intel yako mbali mno. Ila ile 3050 ya 8GB ya 2022 ni kitu kingine, inataka wati 130 na kebo.

Na ile grafiki ya Intel usiizime kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows). Video za a6400 inazifungua vizuri, iache isaidie.

Team Nyekundu
Au auze OptiPlex achukue HP Z440, pawa saplai 700W, achomeke anachotaka.

Fundi Uyole
Prosesa ya Xeon ya Z440 haina grafiki ya Intel ndani, na luku ataisikia. Ana i7 nzima pale, aiuze ya nini?

Kijana wa Mafiati
😂😂 Kumbe wale wa RTX niliwafukuza mapema. Nimefungua kesi, lebo inasoma 240W na kweli kebo ya pini 8 haipo. Jamaa nimemwambia asitume kitu. Ndani pamebana, kizimba cha diski kiko karibu sana na tundu.

Fundi Uyole
Tafuta ya feni moja, ni fupi. Pima kwa rula kutoka nyuma ya kesi mpaka kwenye kizimba, utembee na hicho kipimo dukani. Boksi liandikwe 6GB.