Tupeane uzoefu: maneno ya Kitagalogi yaliyowafaa mkiwa safarini Ufilipino

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, mwezi ujao ninaelekea Manila kikazi, na baadaye nitapita Laguna na Batangas, ambako Kitagalogi ndiyo lugha ya nyumbani. Ninafahamu kwamba Kiingereza ni lugha rasmi nchini humo sambamba na Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalogi, na kwamba hotelini sitapata shida. Sokoni, garini na majumbani mwa watu ni jambo jingine, na huko ndiko ninakotamani kusikilizana na wenyeji kwa lugha yao. Mliowahi kuishi au kutembea huko, naomba mtueleze ni maneno gani mliyatumia kweli, na wapi.

Mtafiti wa Mpunga, Morogoro

Nilipelekwa mafunzoni katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), iliyoanzishwa mwaka 1960 na yenye makao yake Los Baños, Laguna. Darasani tulitumia Kiingereza. Kitagalogi nilijifunzia ndani ya dyip, yale magari ya abiria ambayo watu hupandia kwa nyuma na kuketi wakitazamana. Mara nyingi hayana konda, kwa hiyo nauli hupita mkono kwa mkono mpaka imfikie dereva. Aliyeketi mbali husema "Bayad po", yaani nauli hii hapa, au "Pakiabot po", akiomba afikishiwe, kisha hutaja anakokwenda: "Isa lang po, sa Calamba", mtu mmoja tu, hadi Calamba. Chenji, ambayo wao huiita "sukli", hurudi kwa njia ileile, na katika muda wote niliokaa huko sikuona abiria akiidokoa. Unapotaka kushuka unapaza sauti, "Para po!", naye dereva anasogea pembeni.

Hilo "po" ndilo ninalokusihi ulishike kabla ya mengine yote. Ni neno la heshima, na huingizwa katika sentensi unapozungumza na mtu aliyekuzidi umri au usiyemfahamu. "Salamat" peke yake ni asante, lakini "salamat po" ni asante ya mtu aliyelelewa. Vivyo hivyo "oo" ni ndiyo kwa rika lako, na kwa mkubwa utasema "opo". Niliona wauzaji wazee wakibadilika sura kwa furaha mara tu mgeni alipolitamka.

Kuhusu matamshi, Waswahili tuna bahati. Irabu zao hazitupi shida, na "ng" yao ni ng' ya ng'ombe hata ikianza neno, kama katika "ngayon", yaani sasa, ambalo wageni wengi kutoka Ulaya hulihangaikia sana. Penye kuhitaji uangalifu ni mkazo, kwa sababu wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wao huuhamisha na maana ikabadilika. "Bukas" ikikaziwa mwanzoni ni kesho, na ikikaziwa mwishoni ni wazi. Ukiwa umesimama mbele ya duka, tofauti hiyo ina uzito.

Muuguzi, Doha

Nashukuru kwa mada hii. Hapa Qatar ninafanya kazi na Wafilipino, na mmoja wao alinialika kwao Bulacan. Alinifundisha kwamba mwanamke anayenizidi kidogo nimwite "Ate", mwanamume "Kuya", na bibi mzee "Lola", hata kama hatuna undugu wowote. Mlangoni tulipiga hodi kwa kusema "Tao po!", tukajibiwa "Tuloy po kayo", karibuni ndani. Kisha nilimwona mwenzangu akiupokea mkono wa bibi yake na kuugusisha kwenye paji la uso wake huku akisema "Mano po, Lola". Nami nilifanya hivyo hivyo, na bibi yule akanishika mkono kwa muda mrefu, akaniombea.

Sokoni utauliza "Magkano po ito?", hii ni bei gani, na ukitaka kupunguziwa, "May tawad pa po ba?". Usiishie kukariri isa, dalawa, tatlo, kwa kuwa bei nyingi hutajwa kwa namba zenye asili ya Kihispania: "bente" ni 20 na "singkuwenta" ni 50. Choo ulizia "CR". Ndivyo kinavyoandikwa mlangoni pia.

Baharia, Tanga

Melini nimeishi na Wafilipino miaka mingi. Mtu akianza kula atakuambia "Kain tayo", karibu tule, hata kama sahani yake ni ndogo. Ukiwa umeshiba, mjibu "Busog pa po ako, salamat". Usipite kimya.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Je, nikifika Cebu, maneno haya yatanifaa?

Mtafiti wa Mpunga, Morogoro

Kitagalogi utaeleweka, ila huko lugha yao ni Kisebuano, nao "po" hawana. "Salamat" ni ileile, bei utaulizia "Tagpila ni?", na asubuhi utawasalimu "Maayong buntag".