Tupeane uzoefu: Kuomba fedha za Serikali kwa utafiti wa sera ukiwa chuo cha Nyanda za Juu Kusini

Kihesa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wito wa maandiko ya kuomba fedha za utafiti ukitoka, vyuo vya huku kwetu kila mtu anahangaika kivyake. Wa MUST (Mbeya) hajui mwenzake wa Mkwawa (Iringa) alipitaje, wa TEKU (Mbeya) hajui wa RUCU (Iringa) alikwama wapi. Naomba tuweke visa vyetu hapa. Nalenga fedha za Serikali tu: zinazotangazwa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kupitia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, za wizara, na zile ambazo vyuo vya umma vinatenga vyenyewe.

Na nalenga utafiti wa sera, maana sisi tuna mzigo ambao wenzetu hawana. Mtu wa mbegu pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, anaonyesha mbegu. Wa mitambo anaonyesha mtambo. Wewe wa sera unaahidi kwamba kuna ofisi itabadili inavyofanya kazi, na anayesoma andiko lako hana sababu ya kukuamini mpaka umwonyeshe ofisi hiyo.

Naanza mimi. Nafundisha Iringa. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 yalipotoka, mkoa wetu ulikuwa wa kwanza nchini kwa udumavu: karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Mkoa unaolisha wengine! Iliniuma sana. Nikaamua andiko langu liwe la udumavu, ila kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja nikaenda halmashauri kuonana na afisa lishe.

Yule mama akafungua kabati, akatoa daftari la kliniki la zahanati moja. Safu ya uzito imejazwa kuanzia juu hadi chini. Safu ya urefu, ukurasa baada ya ukurasa, mapengo. Ubao wa kupimia upo, akaniambia, lakini muuguzi ni mmoja na akina mama wamejaa kwenye benchi, na kumlaza mtoto mchanga kwenye ubao vizuri kunahitaji watu wawili. Sasa udumavu ni urefu kwa umri. Mizani peke yake haiwezi kukuonyesha. Kwa hiyo halmashauri inapanga mipango ya kupambana na kitu ambacho zahanati yake haikipimi.

Swali la andiko likapatikana pale pale. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Tukauliza: fedha hiyo ikitoka inanunua nini, inatoka mwezi gani, na inamkuta mtoto akiwa bado hajatimiza miaka miwili? Afisa lishe na afisa mipango wakatupa barua kwamba majibu yatawasilishwa kwenye kikao chao cha tathmini ya lishe, kabla ya maandalizi ya bajeti inayofuata. Andiko lilipita. Maoni ya waliolipitia yaliisifia barua ile kuliko sura nzima ya mapitio ya tafiti zilizotangulia, na mimi naona walikuwa sahihi.

Karibuni.

Bulongwa

Asante dada Kihesa. Mimi niongelee fedha zikishapatikana, kwa sababu bajeti unayoandika leo ndiyo itakayokubana baadaye.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Mvua zetu zinaanza Novemba na huku milimani zinakwenda mpaka Mei. Hesabu mwenyewe. Fedha ikichelewa ukaipokea Januari, umepewa pesa ya kwenda kijijini wakati barabara ya kijijini imekatika. Tulikuwa na kata mbili ambazo gari la chuo lilishindwa kabisa, tukaenda na bodaboda.

Hapo ndipo masurufu yanapoleta maumivu. Unachukua masurufu, yaani fedha ya kazi unayokabidhiwa kabla ya kutumia, kwa jina lako, na usiporejesha kwa risiti hupewi mengine. Bodaboda wa kijijini atoe wapi risiti ya mashine? Mama aliyewapikia wadodosaji chakula? Sisi tulikaa na mhasibu wa chuo kabla ya kuwasilisha andiko, tukakubaliana kwamba malipo ya aina hiyo yatathibitishwa kwa orodha yenye jina, namba ya simu, sahihi ya mpokeaji na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Makubaliano yale tukayaandika kwenye maelezo ya bajeti. Hayo mazungumzo na mhasibu yalitusaidia kuliko semina zote za uandishi wa maandiko.

Jambo lingine: kazi ya vijijini pangeni Juni hadi Oktoba, na muieleze sababu yake. Msomaji aliyeko Dar hajui Makete, huku milimani, ikoje mwezi wa tatu.

Vwawa

Mfupi tu. Mkitumia takwimu za mikoa kulinganisha miaka, kumbukeni Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Nimeona maandiko yanachora mstari wa "Mbeya" kutoka 2010 hadi 2022 kana kwamba ni eneo lilelile. Anayejua akiona hivyo anafunga faili. Tumieni takwimu za wilaya.

Ipogolo

Wakuu, mimi bado mwanafunzi wa uzamili, hivyo siwezi kuwa mtafiti mkuu. Nimeingia kwenye andiko la mwalimu wangu kama mtafiti msaidizi, nikapewa sehemu ya vibali. Naeleza nilichojifunza, huenda kikamfaa mwingine.

Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa unaandika kwa wilaya na kwa Mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri inaandika kwa kata, kata kwa kijiji. Kila ngazi ina siku zake, na hiyo nenda rudi iwekwe kwenye ratiba ya andiko kama kazi halali. Kama mnapima watoto au mnagusa afya, kuna kibali cha maadili pia. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo yenye mamlaka hayo kitaifa, na Mbeya kuna kamati ya maadili ya utafiti wa tiba, ulizeni mapema kama andiko lenu linaweza kupitia huko.

Na mkifika kijijini, barua si mwisho. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alituitikia "kamwene", salamu ya huku kwetu, akasoma barua yote kimya, kisha akauliza: "Walikuja wengine wakapima watoto wetu. Majibu yao yako wapi?" Mwalimu wangu alimjibu kwamba kwenye bajeti yetu kuna fungu la kurudi kusoma matokeo kwenye mkutano wa kijiji, na akamwonyesha karatasi yenyewe. Tuliruhusiwa. Naomba kila mwenye andiko aweke fungu hilo.

Mwanjelwa

Mimi nina uchungu kidogo. Niliandika andiko zima, ila nilikuwa sijamaliza uzamivu na wito ulitaka mtafiti mkuu mwenye shahada hiyo. Hivyo jina la mkubwa mmoja wa idara likawekwa juu. Fedha zilipokuja, nikasikia wadodosaji wameshateuliwa na safari zimeshapangwa, mimi nimebaki na kazi ya kuandika ripoti. Chuo sikitaji. Ila nauliza, wengine mnajilindaje?

Kihesa

Pole sana mkuu. Hilo lipo na linawakatisha tamaa vijana wazuri. Sisi tunaweka jedwali ndani ya andiko: kila mshiriki, kazi yake, siku zake, malipo yake, na majina ya waandishi wa muhtasari wa kisera kwa mpangilio. Mfadhili akishasaini mkataba na chuo, jedwali lile linakuwa sehemu ya mkataba. Kulibadilisha kunahitaji barua kwa mfadhili, na mtu atafikiri mara mbili kabla ya kuiandika. Mkubwa akikataa jedwali tangu mwanzo, umeshajua unakwenda kufanya kazi na nani.

Mlowo

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Nina wazo la ruzuku ya mbolea, ile iliyorudi msimu wa 2022/23 kwa wakulima kusajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali na kupewa namba. Wakulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi wananiambia mbolea ipo, lakini wakala yuko mbali na nauli inamaliza nafuu ya bei. Nataka kupima hilo: gharama ya mfuko ukiwa shambani, siyo dukani. Afisa kilimo wa wilaya ameshanipokea na yuko tayari kutoa orodha ya mawakala kwa kata. Kinachopungua ni mtu wa takwimu wa kusaini naye andiko, awe wa Mbeya au Iringa, mwenye uzamivu na aliye tayari kukubali lile jedwali la dada Kihesa. Dirisha la maombi likifunguliwa nataka tuwe tumeshamaliza rasimu. Aliye tayari anitafute faragha.