Hadithi ya ajabu iliyokunasa ukiwa darasa la nne mpaka la saba: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka kumi. Vitabu vya picha anasema ni vya watoto (yeye kumbe mzee!), riwaya za wakubwa zinamchosha. Anataka vituko: nyani wanaolia machozi, miji iliyogeuka mawe. Nanyi mlinaswa na nini, na mlikipataje?

Naanza. Mimi ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kitabu kile kilikuwa kimekatika vipande viwili, binamu yangu ana kimoja, mimi kimoja, na tulikuwa tunasubiriana. Kipande changu kiliishia pale liwali Adili anawachapa nyani wawili usiku, kisha analia nao. Likizo nzima nilimchukia. Mtu gani huyu, awalishe vizuri halafu awachape? Binamu alikuwa anajua siri na hakusema, anacheka tu. Shule zilipokaribia kufunguliwa ndipo akanipa kipande chake: nyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Nilirudi kusoma tangu mwanzo usiku uleule, kwa kibatari.

*

Shikamoo mleta mada. Mimi sikusoma, nilisimuliwa. Bibi yangu wa Unguja alikuwa na kisa cha Sultani Darai: maskini Hamdani anachakura jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa anasema! Anamtafutia mke binti wa sultani, anaua joka la vichwa saba, anampa nyumba ya joka na mali yake yote. Halafu paa anaugua na Hamdani anaamuru apikiwe uji wa mtama.

Ukubwani nikakuta kisa chenyewe kimo kwenye kitabu cha mmisionari Mwingereza Edward Steere cha mwaka 1870, kilichokusanywa hukohuko Unguja. Nikamsomea mwanangu wa miaka kumi na moja. Joka halikumtisha hata kidogo. Uji ndio uliomtoa machozi. "Nyumba nzima kampa yeye, halafu uji?" Akagoma kula chakula cha usiku. Hamdani alipoamka na kujikuta tena jaani, mtoto akasema "safi" na kuomba sahani yake.

*

Nyumbani kwetu vitabu vya majini vilipigwa marufuku. Mama mkubwa alikuwa anavificha juu ya kabati, nasi tunavisoma tukiwa tumesimama kwenye kiti, mmoja analinda mlango. Sijui kama ningependa kusoma bila ile marufuku.

*

Niko Uingereza, wanangu Kiswahili chao ni cha kuombea chai. Nimewasomea Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Nilihofia wataniuliza maana ya kila neno. Wapi! Kitabu chenyewe kimejaa upuuzi, kwa hiyo kutoelewa hakukuwaaibisha, walidhani ndivyo kilivyo. Kuna tafsiri nyingine ya 1940 ambayo Alisi (humo anaitwa Elisi) amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Mwenye nakala ya kuuza aseme, nanunua.

*

Mwalimu hapa. Jaribu Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, mvulana anazunguka Tanzania akitafuta marimba yake iliyoibwa. Ila usimwambie binti yako asome. Kiache mezani, jifanye unakisoma wewe, na ukitoka nje funika ukurasa.

*

Marahaba mdogo wangu, na asanteni wote. Mwalimu, kabla ya Majaliwa nimeanza na Adili. Jana nimekiacha mezani, nimekuta alama yangu imesogea kurasa thelathini. Asubuhi kaniuliza, "Baba, huyu liwali ana roho mbaya, ee?"

Nimenyamaza. Nacheka tu.